Mtani wa Sajini Marko

Watu wa Masanze wakikwambia Odilia alikuwa na roho mbaya, wasikilize, lakini waulize pia kaka yake alikufaje. Mwanamke yule aliweka kinyongo miaka thelathini na moja, na mimi sisemi alikosea.

Mwaka 1943 askari wa Mwingereza walijenga kambi juu ya kilima, wakawazoa vijana. Rafaeli, kaka yake Odilia, alikuwa mmoja wao. Akasikia mama yao anaumwa, akatoroka siku mbili kumlimia shamba. Alipokamatwa, Sajini Marko, Mnyamwezi wa Tabora, alimchapa viboko mbele ya gwaride, akapitiliza hata idadi aliyoamriwa. Siku ya tatu mama akaletewa habari kwamba kijana amekufa kwa homa na ameshazikwa. Wapi? Hakuambiwa. Mama alikufa akiuliza swali hilo, na Odilia akalirithi.

Uhuru ukaja, Wazungu wakaenda zao, kambi ikabaki na popo. Marko hakurudi kwao. Alibaki mlinzi wa magofu, akiishi na mkewe Anastazia katika chumba cha langoni. Odilia akipita kwenda sokoni Kilosa alimkuta daima ameketi kizingitini. Alimpa shikamoo, maana mkubwa ni mkubwa, lakini ilimtoka kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha ukaja mwaka wa vijiji. Watu waliambiwa washuke milimani wakae pamoja, na kamati ikaona kwa nini wajenge upya wakati kambi ipo? Mabweni ya askari yakawa madarasa, ghala la bunduki likawa duka la ushirika, uwanja wa gwaride ukalimwa mahindi ya kijiji. Odilia aliubomoa ukuta wa mahabusu kwa sururu, akakataa katakata kupokewa zamu. Lakini kamati ilipotangaza kwamba Jumatatu vitachimbwa vyoo vya shule nyuma ya jiko la zamani, moyo ukampasuka. Akamwendea Marko.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba."

"Rafaeli mlimzika wapi? Watoto wasije wakaenda haja juu ya kaka yangu."

"Ni zamani, mama. Sikumbuki."

Alirudi mara ya pili. Mara ya tatu alifungiwa mlango.

Ijumaa yake Anastazia akafa kwa ugonjwa wa kifua. Anastazia hakuwa na kosa. Mwaka wa njaa alimgawia Odilia chumvi, na Odilia alimlilia machozi ya kweli. Lakini Odilia alikuwa Msagara, na Wasagara na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani ndiye mwenye amri. Huchimba kaburi, humwiga marehemu, huwatukana wafiwa, huzuia maiti mpaka akombolewe. Mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Hata mchungaji analijua hilo, naye husubiri.

Jumamosi Odilia alitokea amevaa koti kuukuu la jeshi, akapiga saluti, akatembea kwa mwendo wa Marko, kidevu juu. Waombolezaji wakacheka, Marko mwenyewe akatabasamu. Jeneza lilipofika, Odilia akateremka kaburini, akalala chali.

"Nyumba hii nimeshapanga mimi," alisema. "Mwenye mke anikomboe."

Wakamrushia senti, akazirudisha juu. Wakaleta kuku, akamkataa.

"Unataka nini, mtani?" Marko akauliza.

"Kaburi kwa kaburi. Nionyeshe la Rafaeli, nikuachie la Anastazia."

Kicheko kikakatika. Melkizedek, mwenyekiti wa kijiji, akainama ukingoni. "Mama, utani nao una mpaka."

"Basi nitoe wewe. Mburure mtani kaburini, halafu usikie watakavyokuita."

Hakuna aliyemgusa. Jeneza likawekwa chini, juani. Kutoka kule chini Odilia alimwona Marko akizunguka ukingo wa kaburi, na nafsi yake ikasuuzika. Aliomba asiseme upesi.

Mwisho mzee akasema, "Chini ya kizingiti changu. Chumba cha langoni kilikuwa kinajengwa, sakafu haijamwagwa. Nilimweka mwenyewe."

Shikamoo zote zile Odilia alizitoa mbele ya kaburi la kaka yake, na aliyemuua akaziitikia huku amelikalia. Akapanda juu, akachukua sururu, akamtupia Marko miguuni.

"Chimba."

"Nimzike kwanza mke wangu."

"Mke wako kaburi analo. Ataingia Rafaeli akishatoka."

Marko alivunja kizingiti chake mwenyewe, na miaka yake sitini na sita. Vijana walipotaka kumsaidia, Odilia aliwazuia. Alasiri mifupa ikaonekana, na pingu bado zimefunga mikono.

"Hii ndiyo homa, Sajini?"

Anastazia alizikwa jua likizama, na Rafaeli kesho yake, kando ya mama yake. Vyoo vikachimbwa Jumatatu kama ilivyopangwa.

Marko aliishi miaka sita zaidi, mlangoni pasipo kizingiti. Odilia hakumwamkia tena. Alipopita na kikapu chake, mzee ndiye aliyenyanyuka, mkubwa kwa mdogo, watu wakitazama.

"Shikamoo, Odilia."

Marahaba hakuipata hata siku moja.