Njia ya Zamani ya Nelugala

Bisomenike alianza kumwogopa mumewe msimu ule wa mavuno, siku aliporudi kutoka shambani akamwuliza kama mama mkwe amekwisha kula. Mama yake Bisomenike alikuwa amefariki kabla binti yao Kumudu hajazaliwa, na Kumudu sasa alikuwa na watoto wake mwenyewe huko Badulla.

"Hajala," Bisomenike akajibu, maana ndilo jibu lililomjia kwanza. "Nitampelekea."

Mutubanda akaridhika. Akanawa miguu, akaingia ndani.

Baada ya hapo mambo yale yakawa yanakuja na kuondoka. Wiki nzima anakuwa mtu yule yule aliyemuoa, anatania, anagombana na nyati wake wa kulimia, anadai pilipili zaidi kwenye mchuzi wa fenesi. Kisha asubuhi moja unamkuta amesimama uani na jembe mkononi, akiitazama nyumba yake kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Bisomenike hakumwambia mtu. Alijifunza kumkaribisha tu. "Pita ndani, Baba Kumudu, chai iko tayari," na yeye anapita, anakaa, anakunywa chai yake ya rangi na kipande cha sukari guru, na baada ya muda anarudi kuwa yeye.

Kwa mambo mengi Mutubanda alikuwa mkulima kama wengine wote pale kijijini. Lakini kila mwaka, siku ya mwezi mpevu wa Poson, sikukuu ya Wabudha, yeye ndiye aliyewapandisha watu Nelugala, kwenye hekalu la kale lililochongwa ndani ya mwamba. Walikwenda alfajiri na kurudi jioni. Watu walimwita Gura, kiongozi wa msafara, hata siku ambazo hapakuwa na msafara wowote. Gura aliyajua mashairi ya kupandia. Alijua pa kupumzika na pa kuharakisha, na juu ya mwamba neno lake halikupingwa. Kule ilikuwa mwiko kuuliza bado umbali gani, na mwiko kusema umechoka. Na hapakutajwa jina la marehemu hata mmoja mpaka watu warudi chini, kwa sababu mwamba ule ulikuwa umekwisha kuchukua mtu.

Mtu huyo aliitwa Kirihami, kaka yake Emalin, jirani yao wa ua kwa ua. Zamani njia ilizunguka ubavu wa mwamba, vidato vyembamba vimechongwa kwenye jiwe tupu, na siku moja ya upepo vidato viling'oka chini ya miguu yake. Alikuwa kwenye msafara wa Mutubanda, nyuma yake hasa. Baadaye zikajengwa ngazi mpya upande wa pili, zenye vyuma vya kushikilia, na mdomo wa njia ya zamani ukazibwa kwa matawi ya miiba. Mutubanda hakuwahi kulizungumza jambo lile, hata kwa mkewe.

Poson ilipokaribia, Sirisoma mwenye basi alikuja kupanga safari. Bisomenike akamvuta pembeni.

"Mwaka huu mwacheni apumzike," akasema. "Mguu unamsumbua."

"Mguu gani?" Mutubanda akauliza kutoka barazani. Masikio yake yalikuwa mazima. "Wangu au wako?"

Sirisoma akacheka. "Umeona, shangazi? Gura bado kijana. Wewe ndiye unayetaka kulala."

Bisomenike akacheka naye, kwa kuwa kutocheka kungekuwa kuitoa siri. Akajipa moyo: mashairi hajasahau hata neno, na miguu yake imeizoea njia ile kuliko ilivyoizoea njia ya kisimani.

Siku yenyewe, alipokuwa akifunga mlango, mjusi kafiri alilia juu ya kizingiti. Mtu akisikia sauti hiyo wakati wa kutoka hurudi ndani akakaa kidogo kabla ya kuondoka. Bisomenike akarudi ndani, akaketi. Mutubanda hakurudi. Alikwenda moja kwa moja barabarani katika nguo zake nyeupe, kitambaa kimepita begani, na mkewe alipotoka tena alimkuta amekwisha panda basi.

Njiani kulikuwa na vicheko. Emalin, ambaye mdomo wake ulijulikana hadi kijiji cha tatu, alikuwa amemleta mke mpya wa mwanawe, msichana mpole aitwaye Nirmala, na hakumwachia nafasi ya kupumua.

"Mkwe wangu hajawahi kupanda hata dari," akawaambia watu. "Gura, huyu mweke karibu yako. Akianguka nitapata wapi mwingine anayekubali kupikiwa na mimi?"

"Mimi ndiye ninayepika, mama," Nirmala akasema kwa sauti ndogo, na basi zima likacheka.

Wakala wali wa nazi kwenye majani ya migomba chini ya mwamba, wakavua viatu, wakajipanga. Mgeni wa mlima hutembea nyuma ya Gura moja kwa moja, kwa hiyo Nirmala akawekwa pale. Mke wa Gura hufunga mstari, akiwakusanya wanaochelewa. Ndivyo Bisomenike alivyotembea miaka yote, na hakupata sababu ya kuomba vingine ambayo angeweza kuitaja mbele za watu.

Upepo ulikuwa umeanza. Ni upepo wa mwezi ule, mkavu na wa moto, unaotoka kwenye tambarare na kuupiga mwamba bila kutua. Nyani, ambao kila mwaka hukaa kwenye ngazi za chini wakingoja kunyang'anya maua, hawakuonekana. Mzee mmoja alisema labda wamekwenda kunywa maji.

Mutubanda alianza mashairi na watu wakaitikia. Sauti yake ilikuwa imara, na mstari ukapanda kwa mwendo wa sauti hiyo. Bisomenike, kule nyuma, alisikiliza kila neno kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Halikukosewa hata moja. Walipofika kwenye pango la hekalu alikuwa ameanza kuona haya kwa hofu yake.

Ndani ya pango Buddha wa jiwe alikuwa amelala kama alivyolala siku zote, urefu wa ukuta mzima, rangi nyekundu ya vazi lake imefifia kwa moshi wa taa za karne nyingi. Watu wakaweka mayungiyungi miguuni pake, wakawasha taa za mafuta. Mutubanda alikuwa na kijiti cha moto mkononi. Akasimama hivyo hivyo, akageuka, akaanza kuwatazama watu mmoja mmoja. Moto ukafika vidoleni mwake, na bado hakukitupa kile kijiti.

"Kirihami yuko wapi?" akauliza.

Emalin, aliyekuwa akimsahihisha mkwewe namna ya kupanga maua, alibaki ameinama.

"Alikuwa nyuma yangu," Mutubanda akasema. "Nani amemwona?"

Bisomenike alipenya katikati ya watu. Hakuwa na muda wa kufikiri. "Gura anataka tumpe Kirihami thawabu ya safari hii," akasema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. "Ndiyo maana amemtaja. Ni muda mrefu sasa."

Nyuso zikalegea. Watu wakakunja mikono kifuani, wakaitikia sadhu, neno la kukubali tendo jema, mara tatu, na Emalin akalia kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akimwambia Gura, "Asante, kaka. Nilidhani mimi tu ndiye ninayemkumbuka." Mutubanda alimtazama kwa upole, bila kuelewa. Bisomenike akamfuta masizi vidoleni kwa ncha ya sari yake.

"Turudi, Baba Kumudu," akamnong'oneza. "Upepo umezidi."

"Tutarudije mtu akiwa amepotea?" akajibu, naye akatoka nje ya pango, na watu wakamfuata wakijipanga kama walivyopanda. Bisomenike akajikuta tena mwisho.

Juu ya pango njia ya kwenda kwenye mnara mtakatifu wa kileleni hugawanyika. Kulia ni ngazi mpya zenye vyuma. Kushoto ni mdomo wa njia ya zamani. Siku ile matawi ya miiba yalikuwa yamesukumwa kando, kwa upepo au kwa mkono, na Bisomenike alipofika pale aliona mkia wa mstari unaingia kushoto.

Hakuna aliyekuwa amepinga. Wengi hawakuwahi kuipita njia ile maishani mwao, na waliojua waliamini Gura anawapeleka kuweka maua mahali Kirihami alipoangukia. Bisomenike mwenyewe ndiye aliyewaaminisha hivyo, pangoni, kwa maneno yake.

Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu walitembea wakiegemea jiwe kwa bega moja. Bega la pili lilikuwa hewani. Chini kabisa vilele vya miti viliinama vyote upande mmoja. Bisomenike alimwita mumewe, upepo ukazoa sauti. Akaita tena. Mbele yake migongo myeupe iliendelea kwenda, taratibu, kwa adabu, ikizunguka kona mmoja baada ya mwingine na kutoweka.

Kuna neno ambalo alikuwa amelificha tangu msimu wa mavuno. Alilisema sasa, kwa nguvu zote za kifua chake.

"Simameni hapo mlipo. Gura amepotea. Hajui anakokwenda. Mume wangu ni mgonjwa, hajui."

Aliyekuwa mbele yake alisikia, akamwambia wa mbele, na maneno yakapita mstarini kutoka mdomo hadi mdomo. Migongo ikasimama. Bisomenike akaanza kupita. Alipita kwa kukumbatia mtu mmoja mmoja, uso kwa uso, vidole vimeng'ang'ania jiwe.

Baada ya kona aliwaona. Mutubanda alikuwa amesimama pale vidato vinapokoma. Mbele yake palikuwa na matundu tu kwenye jiwe, kisha hakuna kitu. Alikuwa amemshika Nirmala kifundo cha mkono.

"Shuka tu, binti," alikuwa akimwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Kidato kiko hapo. Mimi nimepita hapa mara nyingi. Tukifika chini tutamkuta."

Nirmala alikuwa amekaa kitako kwenye jiwe, kisigino kimeingia ufani, akivutwa. Nyuma yake Emalin alikuwa ameshika sari ya mkwewe kwa mikono miwili.

"Baba Kumudu," Bisomenike akasema, "Kirihami yuko chini. Amekwisha shuka."

Akageuza uso. Haukuwa uso wa mtu aliyerukwa na akili. Ulikuwa uso wa mtu mwenye dhamana. "Una hakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Mbona hakuaga?"

Upepo ulipiga, kitambaa cha Mutubanda kikatoka begani, kikaelea, kikaenda. Hapo Emalin akazungumza, bila kuiachia sari.

"Alikuaga, kaka. Alikuita kabisa. Ni upepo huu, hukumsikia."

Mutubanda alifikiri. Bisomenike aliona vidole vyake vikilegea kwenye mkono wa msichana, kimoja kimoja, kama mtu anayeweka chini kitu kizito asingependa kivunjike.

"Alikuwa na hasira?" akamuuliza Emalin.

"Hapana, kaka. Hata kidogo."

Walirudi kinyumenyume, wa mwisho akawa wa kwanza, na mzee aliyekuwa mkiani akawa anahesabu vidato kwa sauti ili wa nyuma wajue pa kukanyaga. Hawakufika kwenye mnara kileleni. Haikuwahi kutokea katika miaka ya Mutubanda. Chini, Nirmala alitapika nyuma ya basi huku Emalin akimsugua mgongo, na kwenye kifundo cha mkono wake alama za vidole zilikuwa zimeanza kuwa bluu.

Basi likaondoka. Karibu nusu ya njia, Mutubanda, aliyeketi mbele mahali pake pa kawaida, akaanza mashairi ya kuteremkia. Hakuna aliyeitikia. Akaimba ubeti wa kwanza peke yake, akaimba wa pili, sauti safi kabisa, na Bisomenike akatamani asahau hata neno moja ili watu wapate sababu ya kumhurumia. Kwenye ubeti wa tatu Sirisoma, bila kutoa macho barabarani, aliitikia. Wengine wakafuata, kwa sauti za chini.

Hakuna aliyemlaumu mbele yake, wala mbele ya mkewe. Watoto ndio walioacha kuja kuchezea uani. Emalin alikuja siku ya tatu na mboga, akaketi karibu na Mutubanda barazani. Tangu hapo akawa anakuja mchana, Bisomenike akienda shambani. Mutubanda alimuuliza habari za Kirihami, na Emalin alimpa: ameuza tambuu zake vizuri, amenunua baiskeli, anakohoa lakini si sana. Wakati mwingine Bisomenike aliwakuta wakimcheka Kirihami, na kicheko cha Emalin kilikuwa cha kweli. Jambo hilo lilimtia baridi kuliko kama angemkuta analia.

"Usimpe habari nyingi sana," akamwambia siku moja uani. "Atataka kwenda kumwona."

"Anataka tayari," Emalin akasema. "Jana alikuwa amekwisha vaa nguo nyeupe. Nilimshika mlangoni. Ana nguvu bado, Biso."

Wiki iliyofuata Bisomenike alimwita fundi seremala. Kijana alipima kizingiti, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasema ni mti mzuri, utadumu. Mutubanda alimtolea kigoda na kumuuliza baba yake hajambo. Fundi akatoa komeo jipya kwenye mfuko, la chuma, zito.

"Niliweke upande gani, shangazi? Ndani kama kawaida?"

"Nje," Bisomenike akasema.

Kijana alimtazama, kisha akamtazama mzee aliyekuwa akitabasamu kwenye kigoda. Akachukua penseli sikioni, akatoka nje, akaanza kuweka alama. Bisomenike akaingia jikoni kuwachemshia chai, na pale mekoni alisikia keekee ikianza kutoboa mbao, na mumewe akimwambia fundi asiharakishe, siku bado ndefu.