Chumba cha Mama Mkwe Kwenye Ramani

Nilikuwa na ploti Kitale, na barua ya kanjo, yaani baraza la mji, iliyosema nisipopeleka ramani ya nyumba kabla ya Krismasi, ploti inarudi kwao. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha. Karatasi nyingine zote zilikuwa tayari kwenye bahasha ya kaki: barua ya ploti, risiti za kodi ya ardhi, nakala ya kitambulisho. Shida ilikuwa mama mkwe.

Mama huyo aliishi peke yake Chwele, macho yakizidi kufifia, na mke wangu alikuwa ameapa hahamii nyumba ambayo mama yake hana chumba. Nilikubali kwa moyo mweupe. Lakini kwetu mtu hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hata kuongea ana kwa ana ni aibu. Miaka kumi na miwili ya ndoa, nilimjua kwa kitambaa cha kichwa tu, akipinda kona ya nyumba kunikwepa. Basi mchoraji wangu wa ramani pale Bungoma, mtu mjanja sana, akachora nyumba kubwa, na nyuma yake kijumba chenye paa lake. Ndani ya kijumba akaandika "stoo", maana kanjo iliruhusu nyumba moja tu kwa kila ploti.

Bwana Afya wa Kitale, ofisa wa kanjo wa kupitisha ramani, hakuhitaji hata dakika mbili. "Mwalimu, stoo gani hii ina choo?"

Makarani wakaangua kicheko. Nilichemka, bana! Nikamweleza habari ya mama mkwe. Hakuwa mtu wa kwetu, lakini alisikiliza kwa heshima, kisha akanirudishia ramani yangu. "Ingiza hicho chumba ndani ya nyumba, paa moja, na mimi nitatia sahihi. Vinginevyo siwezi." Zilikuwa zimebaki siku nne.

Nilifika nyumbani nikinguruma kwamba mila itanipokonya ploti. Mke wangu akaniuliza, "Kwani yeye mwenyewe ameulizwa?"

Nani amuulize? Mimi? Asubuhi yake mke wangu akaenda Chwele kumchukua mama yake, na tukakutana kwa mchoraji. Mimi nilikaa ndani, mezani. Mama mkwe alisimama nje ya dirisha, ametupa kisogo, binti yake kando yake.

"Mwambie huyo baba watoto," akamwambia mchoraji, "wazee walioweka hiyo mambo walishalala. Mimi ndio natafuta mlango kwa mikono. Achore paa moja."

Mchoraji akanigeukia. "Ati paa moja."

"Si nimesikia!" nikamfokea. Kusema kweli, nilikuwa na furaha.

Akachukua wembe, akakwangua wino wa kijumba polepole, akachora chumba ubavuni mwa sebule, mlango wake ukitazama nje. Mke wangu alichungulia akimweleza mama yake kila mstari.

"Na ndani ya chumba changu ameandika nini?" sauti ikauliza.

Mchoraji akasita. Kwa mazoea alikuwa ameandika neno lile lile. "Stoo," akasema, kama mtoto aliyekosa hesabu.



"Mwambie mimi si gunia la mahindi."

Nikamnyang'anya wembe. Nilikwangua mwenyewe, vibaya, nusura nitoboe karatasi, nikaandika kwa herufi zangu za ubaoni: CHUMBA CHA MAMA. Mchoraji akafungua mdomo ili apeleke habari dirishani. Nikamzuia kwa mkono.

"Nimeandika chumba cha mama," nikasema mwenyewe, kuelekea dirishani. "Ni chako."

Kitambaa cha kichwa kiligeuka kidogo.

"Haya, mwanangu," akajibu. "Sasa peleka hizo karatasi mbio, kabla hawajafunga."