Ekzosi Orijino

Watu wa Kariakoo tuna neno letu, orijino, na neno hilo limenitia hasara ambayo hakuna duka litakalonirudishia. Ukiingia dukani ukauliza kama kitu ni orijino, unataka kujua jambo moja tu: si feki? Basi. Hakuna anayemaanisha kingine. Mimi nimezaliwa huku, nimekulia huku, na siku askari aliponiuliza nilimjibu kikwetu. Nikajifunga mwenyewe.

Lakini nianze na mama, maana kisa hiki ni chake. Anakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi na ambayo amekataa kuihama hata baada ya baba kufariki. Presha ya macho ilimla taratibu mpaka akabaki anatofautisha mwanga na giza tu. Chini kuna geti la chuma linalofungwa muda wote kwa sababu ya vibaka. Ukitaka kupanda, mama anateremsha kikapu cha ukili kwa kamba kutoka roshani, ufunguo umo ndani. Ni kikapu kile kile anachonunulia mchicha na ndimu kwa wachuuzi wanaopita. Nilimbembeleza nichonge ufunguo wangu, akakataa katakata.

"Ukiwa na wako utaingia kama mpangaji," alisema. "Mimi nitajuaje kwamba mwanangu kaja?"

Simu nayo hakuitaka. Alisema inalia, anaitafuta kwa kupapasa nyumba nzima, akiipata imenyamaza. Mimi alinijua kwa mlio wa ekzosi, bomba la moshi la pikipiki yangu.

Nina pikipiki ya porini, ndefu, yenye matairi ya meno, kwa sababu Jumapili huwa naenda na wenzangu milima ya Pugu kupanda njia za udongo. Siku nyingine ndiyo hiyo hiyo inanipeleka kazini Posta. Ekzosi iliyokuja nayo ilikuwa nzito, tena imekaa chini inagonga mawe, nikaitoa. Nikanunua nyingine nyepesi, ya Kijapani, kwenye duka la spea Kariakoo. Muuzaji aliapa kuwa ni orijino, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu muuzaji wa Kariakoo aliapa akasema kweli. Ilikuja na kizibo cha kupunguza kelele, kipande cha chuma unachokifunga mdomoni mwa bomba kwa skrubu. Pugu nilikitoa. Nikirudi, kabla sijagusa lami, nilikirudisha. Wallahi sikuwahi kuingia mjini bila kizibo.

Hata hivyo ilikuwa na sauti yake, nzito, inakwaruza kidogo, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kupiga hodi. Mama akiisikia inakata kona, mpaka mimi niegeshe na kuzima, kikapu kimeshafika usawa wa kifua changu. Napanda, namkuta amesimama mlangoni, kanga imefungwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa leo."

Hata nikiwahi nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa napenda kuambiwa hivyo.

Kisha ukaja msako wa pikipiki za makelele. Niliuunga mkono, tena kwa mdomo wangu, kijiweni, mbele za watu. Kuna vijana wanatoboa bomba makusudi, wanapita chini ya wodi za wagonjwa wanapiga mlio kama risasi. Nilisema wakamatwe. Nikakamatwa mimi.

Askari alizunguka pikipiki mara moja, akainama nyuma.

"Hii ekzosi ni orijino?"

"Orijino kabisa, afande! Ya Kijapani hii, siyo feki."

"Kwa hiyo pikipiki imetoka nayo kiwandani?"

"Hapana. Nimeinunua mwenyewe Kariakoo."

Akacheka, akamwita mwenzake. "Hebu njoo umsikie huyu. Ana orijino ya kununua!"

Ndipo nikaelewa kwamba orijino yao ni ile iliyozaliwa na pikipiki. Alinieleza kwamba sheria haitaki ubadilishe bomba halafu kelele izidi ile ya mwanzo. Sawa. Nikamwambia basi ipimwe, kizibo hiki hapa, sikiliza. Hakuwa na cha kupimia zaidi ya masikio yake, na masikio yake yalikuwa yameshaamua. Nikamwambia hii ni ya porini, ya Pugu, njia za udongo.

"Hapa ni porini?" akaniuliza. "Ukitaka ekzosi ya porini, ipakie kwenye gari mpaka huko porini."

Gari sina. Na sheria yenyewe siipingi, mtu asije akanielewa vibaya. Kinachonichoma ni kwamba ekzosi ile ilining'inizwa dukani hadharani, nikapewa na risiti, hakuna aliyenikataza. Ukiinunua ni mteja. Ukiifunga ukatoka nayo barabarani ni mkosaji. Jamani, mimi nilidhani mtu anapewa onyo kabla ya pingu.

Akaitwa fundi mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Akafungua ekzosi yangu, akanifungia nyingine kuukuu aliyoichomoa kwenye lundo lake, ya kawaida, kimya kama marehemu. Aliambiwa aikate vipande ile yangu asiitumie mtu tena. Fundi akaitikia, akaapa, akashika msumeno. Nililipa faini nikaondoka, sikutaka kuona ikikatwa. Pikipiki yangu imeshaandikwa kwenye daftari la polisi. Nikikamatwa tena na bomba la kununua, wanaichukua nzima.

Jioni ile nilisimama chini ya roshani ya mama kama mgeni. Hakuna kikapu. Nikapiga honi, lakini Mchafukoge nani hapigi honi? Nikaita "Mamaa!" sauti yangu ikamezwa na kipaza sauti cha muuza dawa ya panya. Nilisimama pale mpaka mpangaji mmoja alipotoka, nikapenya. Nilipogonga mlango mama aliuliza "Nani?" kwa woga. Sikuwahi kuulizwa nani na mama yangu. Alipapasa uso wangu kwanza ndipo akaachia kitasa. Nikamweleza habari yote ya msako na ekzosi. Akasema haya, wakubwa wameamua.

Hazikupita siku nyingi nikamkuta amenuna. Chai ipo, lakini maneno hakuna.

"Jana ulipita," alisema mwisho.

"Jana sikuja, mama. Nilitoka kazini nimechelewa."

"Ulipita. Nimekusikia. Nikateremsha kikapu, nikashika kamba mpaka mkono ukaniuma. Ukapitiliza."

Nikadhani ni umri. Wiki ile ile akayarudia tena: umepita asubuhi, umepita na jioni, una haraka gani na nani? Siku nyingine akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama nimechoka kupanda ngazi niseme tu, yeye hatakasirika. Maneno hayo yalinikata maini.

Halafu nikaisikia mwenyewe. Nilikuwa Mchikichini natafuta viatu vya mtumba, nikasikia mimi napita. Ndiyo, mimi. Nikageuka na kiatu mkononi, nikakimbilia barabarani, nikamkuta dereva wa bodaboda amesimama anashusha abiria. Nikainama. Bomba lilikuwa limebonyea vile vile lilivyobonyea Pugu siku niliyoanguka, na pembeni mshono wa kuchomelea wa kuziba ufa wa siku hiyo. Kizibo hakipo. Fundi yule hakukata hata nywele!

"Kaka, hii ekzosi umeitoa wapi?"

"Nimenunua," akasema, akaipapasa kwa fahari. "Orijino hiyo, bro. Ya Japani. Siyo hizi feki zenu."

Orijino! Nikamwambia ni yangu, nikamsimulia msako, fundi, nikamsimulia hata mama na kikapu, pale pale barabarani, na machozi yananilenga. Nikamwambia aniuzie. Akasema haiuzwi. Nikamwomba basi asipite ule mtaa tu.

"Kwani mtaa wa mama yako?" akaniuliza.

Ndiyo, ni mtaa wa mama yangu. Akaondoka kwa mlio. Nimemwona baadaye akipita mbele ya askari wale wale, ekzosi inanguruma bila kizibo, na hakuna aliyeinua hata kidole. Mimi mwenye kizibo ndiye niliyekuwa kero ya taifa.

Nilimpa mama habari nikidhani atafurahi. Mama, si mimi ninayepita, ni mtu mwingine amefunga bomba langu.

"Mwanangu," akasema, "macho ndiyo yamekufa. Masikio nayajua mwenyewe. Tangu lini sauti ya mtu ikauzwa dukani?"

Nikarudia. Nikaapa. Akanipigapiga goti, kama alivyokuwa akininyamazisha utotoni nikidanganya vibaya, akaniuliza kama nitaongeza chai.

Juzi nilifika jioni, nikaegesha kwa ukimya wangu mpya, nikasimama getini kusubiri mpangaji yeyote atoke. Mara nikasikia kona ikikatwa. Nzito, inakwaruza. Nikainua kichwa. Mama alishatoka roshani, shingo imeelekea kule sauti inakotoka, na mikono yake inaachia kamba haraka haraka kama zamani. Yule jamaa akapita. Hakutazama juu, kwa nini atazame? Kikapu kikabaki kinaning'inia juu ya kibaraza, kinayumba, na ufunguo ndani.

Nikauchukua. Nikafungua geti, nikapanda ngazi, nikamkuta mlangoni, kanga imefungwa vizuri, uso umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya msako.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. "Leo umeamua kupanda?"

Nilitaka kumweleza tena. Nikamtazama, nikauweka ufunguo kiganjani mwake.

"Ndiyo mama," nikasema. "Leo nimeamua kupanda."