Jicho Mbele, Nguvu Nyuma

Jua bado linajikokota nyuma ya milima ya Burundi, na ziwa lote limetulia kama maziwa yaliyoachwa yagande. Katika bandari ya Kalundu, magunia kumi na mawili ya unga wa muhogo yamekwisha kupangwa juu ya mkokoteni wa mbao, ule ambao watu wa Uvira huuita pusipusi. Mzigo umepita kimo cha mtu.

Nyuma yake wanaume wawili wameinamisha mabega, tayari kusukuma. Mbele yake amesimama Félicien Rwabuhihi, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Ameshika kamba kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameuacha mtupu. Anaitazama barabara kama mtu anayesoma barua ya mbali.

"Weye Irankunda, bado!" anasema bila kugeuka. "Kuko mama anapita na mutoto. Ngoja kwanza. Bon, sasa."

Irankunda, baba wa watoto wanne, anacheka na kusukuma. Magurudumu yanalalamika. Pusipusi inaanza safari ya kwenda soko la Mulongwe, polepole, huku ukungu wa asubuhi ukiifungulia njia.

Wasukumaji wengine wa Kalundu hawana mambo hayo. Wote hukaa nyuma, hupiga wimbo, husukuma kwa nguvu zote na kumwachia Mungu yaliyo mbele. Félicien wanamwita Shefu wa Treni, na si kwa heshima. Yeye hacheki wala hakasiriki.

"Mwenye kusukuma haoni," anasema. "Mwenye kuona hana nguvu. Njo pale katikati watu wanaumia."

Safari moja huwapatia faranga elfu ishirini za Kongo, nao hugawana watatu. Siku njema huwa na safari mbili. Wale wanaomcheka hufanya nne, lakini wao pia ndio wanaotumbukia kwenye mitaro, na mwaka jana mmoja wao aliisukuma pusipusi yake moja kwa moja hadi kwenye meza ya muuza nyanya. Mwenda pole hajikwai, ingawa pia hatajiriki.

Jina la Shefu wa Treni lina mizizi. Félicien aliwahi kuwa mtu wa reli kweli, na treni ile haijamwacha. Humjia usingizini, anasema, karibu kila juma. Katika ndoto inapita kwenye mashamba ya mpunga ya Nyakabere, mahali ambapo leo hapana hata msumari wa reli. Inakuja mabehewa mbele na kichwa nyuma, bila sauti yoyote, nayo mipunga inainama na kuinuka. Kando wamesimama ng'ombe, wamenyanyua vichwa.

"Ile ngombe inanijua," anasema, na macho yake yanakwenda ziwani.

Alizaliwa juu milimani, ambako baba yake alikuwa na ng'ombe thelathini. Maradhi ya mifugo yalipolifyeka zizi, kijana Félicien aliteremka hadi ziwani, akapanda meli ya kwenda kusini kutafuta kazi. Akaipata kwenye reli moja ndogo iliyokuwa na kichwa kimoja cha treni na mabehewa matano ya abiria.

Reli ile ilikuwa na kilema chake. Kituo cha mwisho kiliwahi kuwa na mtambo wa kugeuzia kichwa cha treni, nao uliharibika zamani, ukaota majani. Kwa hiyo wakati wa kwenda, kichwa kilivuta mabehewa kama inavyotarajiwa. Wakati wa kurudi kilibaki nyuma na kuyasukuma. Dereva hakuona kitu ila migongo ya mabehewa yake mwenyewe.

Ndipo akahitajika mtu wa kusimama mbele kabisa, katika behewa la kwanza, lililokuwa jepesi kuliko yote. Kazi yake ilikuwa kuitazama njia na kuishika breki. Mtu huyo alikuwa Félicien. Kwa miaka kumi na minne alikuwa jicho la treni iliyotembea kinyumenyume.

Karibu naye, kwenye baraza ya behewa, alizoea kukaa mwanamke mmoja muuza maandazi aitwaye Libérate. Alipapenda mahali pale kwa sababu ya upepo. Félicien alimruhusu, ingawa kanuni zilikataza.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua jepesi, miaka kumi na tisa iliyopita. Treni ilikuwa inarudi, ikisukumwa, kwa mwendo wa pikipiki isiyo na haraka. Walipotoka kwenye kona, Félicien aliwaona ng'ombe saba wamesimama kati ya reli.

Mtu yeyote mwingine angeivuta breki. Félicien alikuwa mtoto wa zizi. Kabla akili haijasema neno, mikono yake miwili ilikwisha kupanda mdomoni, akawaita ng'ombe kwa mwito wa baba yake, ule mrefu wa jioni. Aliita vizuri mno. Ng'ombe wakanyanyua vichwa, wakamtambua rafiki, wakaanza kumfuata alipo. Wakaja kwa kukimbia, katikati ya reli.

"Ngombe ukiiita inakuja," anasema taratibu. "Nani hajue? Hata mutoto ya miaka tano anajua. Minye nilitaka itoke, na nikaiita ije kwangu."

Alipoikumbuka breki, zilikuwa zimepita pumzi nne au tano. Behewa jepesi lilimpanda ng'ombe wa kwanza, likaruka nje ya reli. Kichwa cha treni huko nyuma hakikuwa na habari, kikaendelea kusukuma. Behewa la pili likabanwa kati ya lililokwama na yale mazito yaliyokuwa yakija. Hakufa mtu, na watu wakamshukuru Mungu. Waliumia kumi na mmoja. Libérate alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti.

Ripoti ya ajali iliandika maneno mawili tu kama chanzo: ng'ombe njiani. Wakampa kalamu shahidi mkuu, Félicien Rwabuhihi, naye akatia sahihi. Juma lile lile akaacha kazi, akarudi Uvira. Tangu hapo, akipanda gari lolote, hukaa kiti cha nyuma kabisa.

Mambo yangeweza kubaki hivyo hadi kaburini. Lakini dunia haina adabu, na damu si maji. Binti yake Victoire Uwamahirwe, mwenye miaka ishirini na mitatu, amesomea umeme. Mwaka huu ameandika barua kwa siri na kujibiwa. Chuo kimoja cha ng'ambo ya ziwa kimemkubali kujifunza udereva wa treni. Tena si treni yoyote, bali zile ambazo kichwa hukaa upande mmoja siku zote. Zikienda huvuta, na zikirudi husukuma, na dereva huhamia chumba kidogo cha mbele.

Alichohitaji ni karatasi moja ya mdhamini yenye sahihi ya baba. Meli ya kumvusha inaondoka Ijumaa. Félicien aliipokea karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Ilikaa humo siku kumi na moja.

"Papa anaona minye ni mwanamuke," Victoire alisema Jumanne, akiwa nyumbani kwao Kasenga, akijizuia kulia. "Juu ya nini asiniambie? Aseme tu hapana."

Hata hivyo alikuwa amejaribu kumshawishi kwa njia yake. Alipanga maboksi matatu ya viberiti juu ya meza, akaweka punje ya hindi mbele yake, akayasukuma kwa kidole kutoka nyuma. Boksi la kwanza, lililokuwa tupu, likapanda punje na kuanguka ubavu. Akalijaza mchanga, akabandika mbele yake kipande cha bati kilichokunjwa kama jembe, akasukuma tena. Punje ikaruka kando.

"Unaona, Papa? Mbele wanaweka uzito. Wanaweka chuma ya kutoa vitu njiani. Na freni, ile breki yenyewe, iko mu mukono ya ule mwenye anaona."

"Na ngombe?" Félicien akauliza.

"Hata ngombe. Walimu wenyewe bado wanabishana, wamoja wanasema kuvuta ni salama zaidi, wamoja wanasema tofauti iko kidogo. Lakini haiko kama zamani."

Félicien aliliinua boksi lile, akalirudisha mezani, kisha akatoka nje. Victoire alifikiri amekasirika. Kumbe alikuwa nyuma ya nyumba, akiiona tena kona ile.

Alhamisi, pusipusi inafika Mulongwe kabla ya saa tatu. Baada ya kushusha mzigo, Félicien anabeba begani mfuko mmoja wa unga hadi nyumba iliyo karibu na mto, yenye alama ya maji ya mafuriko ukutani. Hufanya hivyo kila Alhamisi, bila malipo, tangu arudi. Mwenye nyumba ni Libérate. Naye alihamia Uvira kwa ndugu zake baada ya ajali, na mpaka leo anakaanga maandazi, mkongojo wake ukiwa umeegemea ukuta.

Safari hii Libérate hapokei mfuko. Amesikia habari za Victoire sokoni, maana Mulongwe hakuna siri.

"Félicien, keti," anasema. "Ile siku nilikuwa nyuma yako. Nilikusikia ukiita. Nilifikiri unaimba, na ilikuwa muzuri, nikacheka."

Félicien anatazama chini. Katika miaka kumi na tisa, hii ni mara ya kwanza jambo hili kutamkwa.

"Uliniomba musamaha na unga, nikapokea. Nilikusamehe kitambo, hata sikumbuke mwaka. Lakini mutoto anafikiri unamuzuia. Unga haitamuambia kitu. Muambie weye mwenyewe."

Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na Félicien alikuwa ameficha kwa muda wa kumlea mtoto akawa mtu mzima. Anatembea hadi Kasenga kwa miguu, akiiacha pusipusi kwa Irankunda. Njiani hasalimii mtu. Anapofika, anamkuta Victoire akipasi nguo za safari ambayo huenda isiwepo. Mama yake yuko Nyakabere kwenye mavuno ya mpunga, hivyo nyumba ni kimya.

Anamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi: kona, ng'ombe, mwito, Libérate, ripoti.

"Sahihi yangu ya mwisho juu ya treni ilikuwa bongo, uongo mutupu," anamaliza. "Njo maana sikuweza kutia ingine kabla ya kukuambia. Si kwa sababu uko mwanamuke. Ni juu uko damu yangu, na minye mbele ya hatari sikukamata freni."

Victoire ameiacha pasi juu ya blauzi. Inakaa hapo mpaka harufu ya kitambaa kuungua inawashtua wote wawili. Anainyanyua, analitazama doa la kahawia kwenye kola ya blauzi yake nzuri, na ndipo machozi yanapomtoka. Ana hasira, naye hafichi. Mama Libérate alimsuka nywele tangu utotoni, na kumbe wakubwa hao wawili waliubeba mguu ule bila yeye kujua.

Anakwenda kukaa uani hadi jua linapoelekea milimani. Anaporudi, ana swali, na ni swali la mtu wa ufundi.

"Freni ilikuwa mukono gani?"

"Kuume."

"Na mukono ya kuume ilikuwa wapi?"

Félicien anaiinua mikono yake miwili, anaikusanya mdomoni kama siku ile, na kubaki hivyo bila sauti. Victoire anamsogelea. Anaushika mkono wa kulia wa baba yake, anauteremsha polepole mpaka usawa wa kiuno, mahali breki ilipokuwa, na kuushikilia hapo.

"Hapa," anasema. "Minye, mukono yangu itabakia hapa."

Ijumaa asubuhi ziwa ni jeupe na milima ya ng'ambo haionekani, utadhani meli inakwenda kupotelea angani. Karatasi imetiwa sahihi. Kwenye nafasi ya kazi ya mdhamini, ambapo siku zote huandika msukumaji, Félicien ameandika mtu wa reli. Libérate amekuja kwa pikipiki na mfuko wa maandazi wa kutosha abiria wote. Victoire amevaa blauzi yenye doa kolani, kwa makusudi, na haelezi mtu.

Masomo ni ya miaka miwili. Félicien amekwisha kupanga. Wazee wa Kalundu husema zamani reli ilianzia hapa hadi tambarare ya Ruzizi, ikang'olewa yeye hajazaliwa, na huwa anaiota ikirudi. Lakini ndoto hiyo amewaachia wakubwa. Yake ni fupi zaidi: siku Victoire atakapoendesha treni ya kwanza, naye atavuka ziwa aipande.

Utakaa nyuma, kama kawaida yako? Mwandishi wa makala haya anamuuliza.

"Hapana. Behewa ya kwanza. Kiti ya kwanza, pale karibu na mugongo yake."

Na ng'ombe wakitokea njiani?

Félicien anacheka kwa mara ya kwanza katika siku nne ambazo mwandishi amekuwa naye. Meli imeanza kuondoka, na Victoire anapunga mkono wa kushoto. Wa kulia ameuacha chini, umeshika chuma cha ukingo. Baba yake anauona, na kicheko kinageuka kitu kingine usoni mwake. Anaisukuma mikono yake yote miwili ndani ya mifuko ya koti.

"Nitanyamaza," anasema. "Freni iko kwake."