Mkono wa Zimamoto

Nyumba yetu ya Majengo ilinuka dawa ya kuchua, kali hata chai ikawa na ladha yake. Kila jioni mama alimpaka kaka yangu Mutua begani huku akimfokea. Tangu baba afariki, Mutua ndiye aliyetulisha kwa kuchonga vinyago soko la Gikomba, na mkono wa tezo, kishoka chake cha kuchongea, ndio huohuo aliorushia mpira. Jumamosi alicheza besiboli, mchezo ambao mtaani waliucheka mpaka walipomwona akirusha. Hakuanza mechi hata siku moja. Alikuwa mrushaji wa akiba, wa kuitwa mambo yakiharibika, ndiyo maana wakambandika jina Zimamoto.

Msimu ule daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kurusha, hatainua tezo tena. Mutua akaahidi kupumzika. Thubutu! Siku ya fainali, kocha, mtu wa maneno matamu ambaye simpendi mpaka leo, alimwita. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, wapinzani wamejaa kwenye vituo vyote, tayari kukimbia wafunge, na amebaki mpigaji mmoja tu wa kumtoa, naye hutoka akikosa mara tatu. Mutua akarusha mara mbili, mpigaji akapiga hewa. Kisha kaka akajishika bega, uso ukamsawijika.

Mama, muuza mboga asiyejua sheria hata moja ya mchezo ule, akaingia uwanjani leso kiunoni.

"Mutua, toka hapa. Mkono huo ndio unatulisha."

"Mama, mpira mmoja tu. Tafadhali. Niache nimalize."

Nilimwomba Mungu kwamba mama amvute Mutua shati, amburute mpaka nyumbani. Mama akamtazama kwa muda, kisha akarudi nyuma. Mutua akarusha. Mpigaji akakosa, uwanja ukalipuka kwa vifijo, na kaka yangu akapiga magoti, mkono unaning'inia.

Siku hizi anaishi mtaa wa Pipeline na anauza vinyago vilivyochongwa na wengine. Anafunza vijana kurusha, na ole wake atakayeficha maumivu. Nikimuuliza kama anajuta, hucheka: "Si tulishinda?" Nami hupandwa na hasira, kwa sababu kikombe chenyewe cha ushindi hakuna anayejua kiko wapi. Kanisani tukiambiwa tuinue mikono, yeye huinua mmoja, na mama kando yake hushusha wake mmoja. Juzi nikamuuliza mama mbona alimwacha siku ile.

"Aliniomba vizuri," akasema, akaanza kulia.