Gari kwa Gari

Kisioki alikuwa mfugaji wa Handeni, mtu wa minadani, mpole. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari mapya yakaanza kuonekana hata vumbini kwetu, alimwomba mkewe, Noonkipa, kitu kigumu. Mkopeshaji mmoja wa Korogwe alikuwa tayari kumkopesha pikapu mpya, lakini alitaka dhamana. Dhamana hiyo ni ng'ombe wa nyumba yake Noonkipa, wale aliowakamua mwenyewe kila asubuhi kulisha watoto.

"Na gari likifa?" Noonkipa aliuliza.

"Lina bima kubwa, mama Sinyati. Likifa, wanatoa gari."

Hakudanganya. Kwao, ukimwachia rafiki mtamba akapotea kwa uzembe, unarudishiwa mtamba. Hakuna anayekuletea paja moja akisema ng'ombe wako alikuwa ameanza kuzeeka. Kisioki aliipima bima kwa kipimo hicho, wala hakuona haja ya kuuliza zaidi. Noonkipa akakubali.

Mwaka wa pili, kwenye mteremko wa Sindeni, breki zilikataa. Dereva wake, Lemayian, aliruka akavunjika mkono. Pikapu ikabingirika, ikawaka, ikabaki mifupa.

Kisioki akaenda Korogwe, ofisi ya bima. Godfrey, kijana aliyemuuzia bima ile, alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Nimefuata gari langu."

Godfrey akakaa polepole. "Mzee, tunalipa thamani ya gari siku lilipoungua, siyo bei uliyonunulia. Gari jipya likishatoka dukani linaanza kushuka. Na barabara zetu hizi ndiyo usiseme."

"Deni nalo limeshuka?"

"Deni halishuki hivyo, mzee. Malipo yetu yote yataenda kwa aliyekukopesha, na bado hayatatosha. Huko nje nasikia ipo bima ya kuziba pengo hilo. Hapa kwetu bado haijafika."

"Kwa hiyo nalipia gari ambalo halipo."

Kisioki alitoka bila kuaga, yeye ambaye hupeana mkono hata na watoto.

Nyumbani alisema yote mara moja, akiwa amesimama. Noonkipa hakumtukana. Angemtukana, pengine Kisioki angepata mahali pa kushika. Aliuliza tu ni ng'ombe wangapi.

"Wote wa kwako."

Siku ya mnada wanaume waliwaswaga hadi kwenye lori la mnunuzi. Ng'ombe wakagoma. Walipigwa fimbo, wakavutwa mikia, wakarudi nyuma wakikoroma.

"Mzee Kisioki!" dalali akapaza sauti, watu wakacheka. "Ng'ombe wako wamegoma kama wakata mkonge! Au nao wanadai mshahara?"

Kisioki aliinua fimbo, akaishusha. Hapo Noonkipa akapita katikati ya wanaume, akapanda lorini, akasimama ndani kabisa. Akaanza kuwaita, mmoja mmoja, kwa majina yao, kwa sauti ileile ya kukamulia.

Kelele zikatulia.

Wakaja. Walipanda ubao kwa utulivu, wakinyoosha shingo kumnusa mikono. Alipomaliza jina la mwisho alipenya katikati ya mbavu zao, akashuka, na mlango wa lori ukafungwa kwa mnyororo. Ndani wakaendelea kulia, wakimtafuta. Noonkipa alisimama akiwapa kisogo. Kisioki alimsogelea, akaona kifua cha nguo yake kimelowa mate ya ng'ombe.