Maneno ya Kuandika Juu ya Mume Wangu

Kwa wakwe zangu, kaburi hujengwa mwaka ukiisha: saruji, vigae, na jiwe lenye maneno. Mwaka ulipokaribia, mama mkwe alituma maneno yake kutoka kijijini, Magharibi mwa nchi: "Mume mwaminifu, baba mwema." Baba mwema, sawa. Hilo la kwanza sikuweza kulimeza. Mwanamke mwingine alikuja mazishini na mtoto mwenye masikio ya mume wangu, na kanisa zima liliyaona masikio yale.

Fundi wa mawe kule Kariobangi alikuwa akiningoja. Wifi yangu, dada wa marehemu, akasema twende kwanza makaburi ya zamani ng'ambo ya soko la Gikomba tukaone wenzetu waliandika nini.

Palikuwa pazuri kuliko nilivyodhani. Mawe ya enzi za kujenga reli, mengine ya marumaru, mengine yameinamiana kama walevi wanaopeana siri. Malaika mmoja hakuwa na pua, na kunguru walikuwa wamemchafua bega. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo nilisoma kwa kidole: mume mpole, mke mtiifu, baba asiye na mfano.

"Wifi," nikauliza, "wabaya walizikwa wapi?"

"Wabaya hawafi. Si tunaishi nao hapo kwetu?" Akapangusa kiatu chake kwenye nyasi. "Wewe andika tu mwaminifu. Maiti hatabisha."

"Atakayelisoma ni mimi. Kila Desemba tukienda nyumbani."

Karibu na ukuta tukakuta jiwe dogo lenye jina la mtu, na chini yake kazi yake: fundi wa injini za reli. Basi. Hakuna sifa hata moja. Herufi zilichongwa zikaingia ndani hasa, hata kuvu haikuweza kuziziba. Nililipenda kuliko malaika wote wa pale. Nilijikuta nikimwamini yule mtu.

Marehemu wangu alikuwa akipunguza suruali za mitumba Gikomba. Alidanganya kuhusu saa, kuhusu simu, kuhusu mahali alipolala. Pindo lake halikudanganya mtu. Hilo ningeliapia madhabahuni.

Wifi akapiga simu nyumbani, akaweka sauti nje tusikie wote.

"Mama, huyu anataka 'Baba mwema, fundi wa suruali.'"

"Na uaminifu je?"

Wifi akanipa simu kama mtu anayepokeza sufuria ya moto.

"Mama, hapo siwezi," nikasema. "Nilimpenda, hilo muandike mkitaka. Hilo jingine litanishinda kusoma."

Nilisikia kuku wake wakigombana.

"Baba yake naye tulimwandikia mwaminifu," akasema mwishowe. "Kila nikifagia pale nageuza uso." Akakohoa. "Mwambie huyo fundi aandike kubwa kubwa. Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha."